Tulipigia kura magongo ya jirani yetu

Naandika hii kama katibu wa kamati ya wakazi, kazi ambayo niliipokea siku nimechelewa kufika kikaoni, wenye akili zao walikuwa wameshaikwepa. Jengo letu ni zile apatimenti ambazo kila mtu ana hati ya nyumba yake ila geti, ngazi, lifti na paking ni mali ya wote, na hapo kwenye "mali ya wote" ndipo balaa linapoanziaga.

Mama mmoja wa ghorofa ya nne anatembelea magongo. Nafasi yake ya gari iko mwisho kabisa wa besimenti, akaomba abadilishiwe apate ya karibu na lifti. Basi. Sisi tukafanyaje? Tukalitupa ombi kwenye grupu la WhatsApp la jengo zima, "wakazi naombeni maoni yenu". Weee! Mmoja akauliza kwani anaumwa nini, mwingine mbona juzi nilimwona anatembea vizuri tu, mwingine akaanza na mimi mgongo unaniuma nipeni na mimi. Tukapiga kura kabisa, akashindwa. Kesho yake yule mama akaweka picha ya barua ya daktari mle grupuni, kila kitu kiko wazi, mpaka mambo ambayo nadhani hata wanawe hawakuyajua, na grupu likawa kimya hakuna hata aliyejibu pole.

Usiku wa siku hiyo nikashuka kuchukua chaja kwenye gari nikamkuta ndo anafika. Akafungua mlango, akatoa gongo moja, akapumzika, akatoa la pili. Kutoka pale mpaka kwenye lifti kuna nguzo tisa, ya tano akaiegemea kwa bega akasimama kama dakika mbili hivi. Mimi nimejificha nyuma ya gari langu kama mwizi, sina hata uso wa kumsalimia.

Ndo nikaanza kusoma, mambo ambayo ningetakiwa kuyasoma kabla. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ule wa 2006, unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho anayohitaji, wakati si mzigo wa kupita kiasi kwa wengine, huo wenyewe ni ubaguzi. Sasa ubaguzi unaupigiaje kura jamani? Wingi wa mikono hausaidii kitu hapo.

Kitu kingine kilichonifungua macho ni jinsi Marekani walivyoligawa hili tangu sheria yao ya nyumba ilipopanuliwa 1988: kubadili utaratibu ni kitu kimoja, kubadili jengo ni kingine. Kumruhusu kipofu aishi na mbwa wake wa kumwongoza wakati mmeandika "hakuna kufuga mbwa", huo ni utaratibu, hauvunji ukuta wa mtu. Kuvunja ukuta kuna hesabu zake, kule kwenye nyumba binafsi mara nyingi anayehitaji ndo analipia na wenye jengo hawaruhusiwi kumkatalia bila sababu ya maana. Kwenu angalieni sheria yenu inasemaje kuhusu nani analipa, msikisie.

Na ukija kwenye ujenzi usimwachie fundi akadirie kwa macho. Sisi pale mlangoni tuna ngazi tatu za sentimita 15, jumla 45, fundi akasema rampu, ile njia ya mteremko ya kupita badala ya ngazi, ya mita mbili inatosha. Hiyo si rampu hiyo ni bembea ya kuteleza watoto! Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu, yaani tulitakiwa mita 5.4, na ndo tulichojenga, kimekula kipande cha bustani na watu wamenuna weee mpaka wamechoka.

Siku hizi ombi linakuja kwangu tu, haliendi grupuni. Namuuliza mtu unashindwa nini na unahitaji nini, jina la ugonjwa silitaki, kama shida inaonekana kwa macho hata barua ya daktari siombi. Ndani ya siku saba anapata jibu la maandishi, na kama alichoomba hakiwezekani tunakaa naye tutafute njia nyingine. Wakiuliza wengine mbona yule kapewa, nawajibu mambo ya mtu hatuyajadili, wanachukia, wanazoea.

Ile paking ya yule mama sasa. Baada ya wiki tatu za makelele ndo nikagundua mwenye nafasi ya karibu na lifti hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee mmoja mkimya, hayupo hata grupuni. Nikamgongea mlango, nimejipanga na hotuba yangu ndefu, akanisikiliza kidogo akanikatisha, "Katibu, si mngeniambia tu? Mimi gari nilishaliuza tangu mwezi ule, pale mlinzi anaanikia matambara yake."