Hatua 58 hadi kwenye koki: siku moja ya kuandaa mafunzo ya huduma ya kwanza kiwandani

Saa 10:40 alfajiri

Simu inaniamsha kabla ya kengele. Ni msimamizi wa shifti ya usiku. "Dada, samahani kukuamsha. Wale watu wangu wanne wa mafunzo, mmoja anasema hana nguvu ya kukaa darasani. Nimwache aende kwake?"

Namwambia ampe chai na mkate, nitaongea naye mwenyewe nikifika. Nikishakata simu usingizi umeshaniruka, basi naenda zangu kuoga.

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha biskuti, upande wa Vingunguti, Dar es Salaam. Tuko shifti tatu na oveni haizimwi ila Jumapili. Leo ni siku ya mafunzo ya huduma ya kwanza, kitu nilichokihangaikia wiki sita. Mkufunzi hakuwa tatizo, nilimpata kwa simu mbili. Tatizo lilikuwa kupata watu wa kufundishwa.

Orodha ya kwanza niliyoletewa na meneja uzalishaji ilikuwa na majina 24. Kumi na moja yalikuwa ya ofisini: wahasibu, dereva wa bosi, dada wa mapokezi, hata jina langu. Maana yake ilikuwa wazi, toa wale ambao mashine haitawakosa. Sasa mhasibu akijikata na karatasi, haya, atajitibu. Aliyenasa kidole kwenye mashine ya kufungia paketi saa 8 usiku atahudumiwa na nani?

Nikalichukua daftari la ajali, nikachora ramani ya kiwanda kwa kalamu, nikaweka nukta kila mahali mtu alipoumia ndani ya miaka miwili. Nukta zilijaa kwenye oveni na mashine za kufungia. Ofisini hakuna hata moja. Orodha nikairudisha mara tatu.

Saa 12:10 asubuhi

Daladala ya Gongo la Mboto, nimesimama, mfuko wa bandeji na glavu nimeukumbatia kama mtoto. Foleni ni ileile ya kila siku.

Saa 1:20 asubuhi

Naanzia kwenye sanduku la huduma ya kwanza, maana mkufunzi ameniambia atatumia letu, si lake. Liko ukutani karibu na stoo, jeupe, lina msalaba wa kijani. Lina na kufuli. Ufunguo anao mtunza stoo, naye huingia saa 2.

Namsubiri. Akifika anacheka kidogo. "Dada, lisipofungwa plasta zinaisha ndani ya siku mbili. Wanabandika hata kwenye malapa."

Tunafungua. Nusu rola ya pamba. Chupa ya spiriti iliyokauka. Bandeji mbili zilizopita muda wake. Jozi moja ya glavu, na kwa joto la pale vidole vimeshikana; nilipojaribu kuvitenganisha vikachanika. Mkasi haupo. Halafu karatasi tupu za Panadol, nyingi, zimekunjwa vizuri kana kwamba mtu alikusudia kuja kuzihesabu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tunayo ofisini, imewekwa kwenye faili zuri kabisa. Na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, akija huuliza "sanduku lipo?" tunamwonyesha kwa kidole, lipo. Sijasema uongo, ila nilipoviona vile vidole vya glavu niliona aibu.

Saa 2:30 asubuhi

Tunaanza, kantini. Mkufunzi ni nesi mstaafu aliyekaa miaka mingi wodi ya dharura, mama mfupi mwenye sauti ya kukufanya ukae wima. Vijana wote wanamwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia huku anapanga midoli miwili sakafuni. Mama anayetupikia kantini nimemwingiza pia. Walimkataa, nikauliza ni nani mwingine anakaa na sufuria la mafuta ya moto kutwa nzima. Wakanyamaza.

Swali la kwanza: "Mwenzenu kamwagikiwa na sukari ya moto mkononi. Mnafanya nini?"

Majibu yakaja kwa fujo. Dawa ya meno. Yai bichi. Asali. Mafuta ya taa. Mmoja wa nyuma akasema unga, "si tunao mwingi," watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Mwaka jana fundi wetu wa oveni aliungua mkono hivyohivyo, na aliyekimbia kioski kununua dawa ya meno ni mimi. Niliipaka kwa mikono yangu, tena kwa huruma. Hospitali walilazimika kuibandua kwanza ndipo walione jeraha, na mimi niko upande wa pili wa pazia, nasikia kila kitu. Fundi mwenyewe leo amekaa kiti cha pili. Alinitazama tu, akatabasamu.

Mama mkufunzi akasema: maji. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, si mbili. Si barafu. Vua pete na saa mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Ukishapooza, funika kwa nailoni safi bila kuibana, kisha hospitali. Hapo watu wakaangaliana, maana nailoni safi ndiyo tunayofungia biskuti, tunayo rola kwa rola.

Saa 4:15 asubuhi

Midoli sasa. Mtu kaanguka, haitiki, hapumui. Tuma mtu apige simu, wewe anza: katikati ya kifua, mikono imenyooka, bonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mibonyezo 30, pumzi mbili.

Wanaume wenye mabega ndio walioanza, na karibu wote walikosea kwa kukimbia. Wanabonyeza kama wanafukuzwa. Mpaka akapiga magoti dada mmoja wa kupaki, mwembamba, haongei sana. Akabonyeza dakika mbili nzima kwa mwendo mmoja, kifua anakiachia kipande mpaka juu kabla ya kubonyeza tena. Mama akatazama saa yake, akatazama tena. "Umejifunzia wapi?"

"Sijajifunza. Mkanda wetu unaenda hivi."

Miaka saba anapanga biskuti kwenye mkanda unaotembea. Mkono umeshika mapigo. Na jina lake halikuwemo kwenye orodha ya kwanza.

Mzee mmoja wa bwela, mtambo wa mvuke, aliona haya kuweka mdomo kwenye mdoli mbele za watu. Akaambiwa, "Mzee wangu, ukishindwa pumzi, bonyeza tu usiache, mpaka msaada ufike." Alifarijika sana, akabonyeza hadi jasho.

Saa 6:00 mchana

Mama anasema, "Twendeni nikaone hiyo oveni." Kwenye ratiba haikuwepo. Akamsimamisha fundi pale alipoungulia, akamwambia, "Umeungua sasa hivi. Nenda kwenye maji." Fundi akaanza kutembea, sisi nyuma tunahesabu kama watoto. Hatua 58, kona mbili, na paleti moja katikati ya njia.

Tukafika. Koki ipo, mpini haupo. Umeng'olewa.

Msimamizi wa ufundi akaeleza kwamba watu walikuwa wanajaza madumu ya kwenda nayo nyumbani, kwa hiyo mpini anautunza yeye kwenye droo. Droo iko ofisini kwake. Ofisi hufungwa saa 11 jioni.

Mama hakusema kitu. Aliangalia saa tu. Nilitamani aseme.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage. Meneja uzalishaji anaingia, anataka watu sita, laini ya pili imelala. Tunabishana kwa adabu, yaani kwa kutabasamu. Nikampa wawili. Sikupenda, lakini wanne nikabaki nao.

Baada ya chakula tulienda haraka. Kupaliwa: mpige mgongoni kwa kisigino cha kiganja mara tano, kisha kukandamiza tumbo mara tano. Kupigwa shoti: zima umeme kabla hujamgusa. Kifafa: usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, sogeza vitu vya kumuumiza na utazame saa, zikizidi dakika tano, hospitali. Kijiko ndicho kilicholeta ubishi mkubwa. Mama wa kantini alisema kijiko amekitia mara mbili na mtu akapona. Akajibiwa, "Alipona licha ya kijiko, mwanangu."

Na Panadol zitoke kwenye sanduku. Sanduku si duka la dawa.

Saa 9:10 alasiri

Tumemaliza. Wale wanne wa usiku nilikosea kuwaita leo, niseme ukweli. Mtu ametoka kazini saa 1 asubuhi, nikamweka darasani mpaka alasiri. Yule aliyesema hana nguvu alilala kwenye meza tangu saa 5, mama akakataza asiamshwe. Nimewaandikia siku ya kupumzika na malipo ya saa za ziada. Kundi lijalo la usiku litasoma Jumapili, oveni ikiwa imezimwa. Barua ya kuomba hivyo nimeiandika papo hapo, na ile ramani yenye nukta nimeiambatanisha.

Saa 10:50 jioni

Kufuli la sanduku limetoka. Mtunza stoo ameweka daftari na kalamu iliyofungwa kwa kamba, anayechukua aandike. Anasema kalamu haimalizi wiki. Huenda.

Napita kwenye koki. Mpini umerudi, umefungwa kwa waya ili asiuchukue mtu. Nafungulia. Yanatoka ya kutu kwanza, halafu meupe. Naweka mkono chini yake.

"Dada, maji yanamwagika," mlinzi ananiambia kutoka getini.

"Yaache kidogo," namwambia.