Eti Hawakupewa Kitu

Nyanya ninayemtunza kwa kazi huku Marekani ana mpwa, na huyo mpwa ni mtu mwema, nianze kwa hilo kabla hujamchukia. Theluji ikimwagika usiku, ndiye huja na trekta alfajiri kufungua njia ili gari langu lipite, na hajawahi kungoja shukrani. Lakini majuzi nilimpelekea karatasi ya saa za ziada aitie sahihi, kwa sababu barabara ilikuwa barafu tupu, mwenzangu wa zamu hakufika, nami nikaunganisha usiku na mchana. Akatia sahihi. Kisha akasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba sisi wageni tunaokuja siku hizi tunafika tukiwa tumekinga mikono. Watu wake hawakupewa kitu na serikali. Walikuja jimbo hili la Nebraska mikono mitupu wakaijenga wenyewe.

Nikanyamaza. Kazi ya kutunza wazee ina mengi ya kumeza, na anayekuja huku akidhani shida itakuwa ni kuosha watu na kubadilisha mashuka hajaambiwa ukweli na ajenti wake.

Nyanya ana sikio moja zima, na lilisikia. Mpwa alipoondoka akaniambia nilete sanduku lililo juu ya kabati. Tangu siku hiyo namsomea yaliyomo kila jioni baada ya dawa, na ameniruhusu niyaandike mradi nisitaje jina. Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, mnisamehe.

Baba wa babu yake aliandikishwa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, kikosi cha miguu cha Illinois. Alikuwepo Vicksburg, ngome ya upande wa Kusini, ule mji uliposalimu amri tarehe 4 Julai 1863, akaachiwa 1865 akiwa na mguu usiokunjika vizuri. Akafanya kibarua cha mashamba ya watu miaka kadhaa, akaoa, akapata mtoto. Mwaka 1871 akasikia kwamba kanali mstaafu kutoka Ohio, John Thorp, anakusanya wanajeshi wa zamani kuanzisha makazi kando ya reli ya Union Pacific, katika bonde la mto Platte. Ndiyo Gibbon ya leo, hapa hapa Buffalo County, ambako sasa ukiingia dukani jioni utasikia Kihispania, Kisomali, na siku ukibahatika Kiswahili cha Kongo.

Kwa nini wanajeshi? Hapa ndipo nilipomwomba nyanya nisome mara ya pili. Sheria ya Rais Lincoln ya Mei 1862 ilimpa mtu ekari 160 bure, ada za ofisi tu, akikaa juu yake miaka mitano na kulima. Lakini ndani ya eneo la reli, ambako kila mtu alitaka kuwa kwa sababu mazao husafirishwa kwa reli, raia wa kawaida alipata ekari 80. Mwanajeshi alipata 160 kamili. Kisha mwaka 1872 Bunge likaongeza: miaka uliyotumikia vitani inatolewa kwenye ile mitano, mradi ukae angalau mwaka mmoja. Mzee akahesabiwa karibu miaka mitatu aliyokwisha kuimaliza akiwa na bunduki mkononi. Hati yake imo sandukuni, ya mwaka 1874, imetolewa kwa jina la Rais Ulysses Grant, jenerali yule yule aliyemwongoza Vicksburg.

Ekari mia na sitini. Hapo kwetu Kenya ukiwa nazo, mkutano hauanzi kabla hujafika.

Na kuna kifungu kingine nataka mkisome taratibu, nyinyi mnaopanga foleni ya viza. Haikuhitajika hata uwe raia. Mgeni aliyeshuka melini akatangaza mahakamani kwamba anakusudia kuwa raia aliruhusiwa kuomba, ilimradi hakuwahi kuinua silaha dhidi ya Marekani. Hebu fikiria kijana wa Eldoret ashuke ndege Omaha leo, atangaze nia yake, aonyeshwe shamba lake liko upande gani. Hadi mpango ule ulipofungwa mwaka 1976, na Alaska 1986, zilikuwa zimegawiwa ekari milioni 270 hivi, sehemu ya kumi ya nchi nzima. Hawakupewa kitu!

Lakini nyanya hapendi nikicheka sana, na ana haki. Maana waliteseka, hilo sitaliondoa. Walipofika Aprili 1871 hapakuwa na nyumba hata moja, wakakaa ndani ya mabehewa ya mizigo pembeni mwa reli, na karibu mara hiyo hiyo dhoruba ya theluji ikawafunika. Babu yake nyanya ndiye aliyekuwa yule mtoto, mwaka mmoja na kitu, na wanasema alilala katikati ya wazazi na mbwa. Kwa kumbukumbu za familia, mashamba yalichaguliwa kwa kura: vikaratasi ndani ya kofia. Mzee akapata kipande kisicho na mti hata mmoja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mabonge ya udongo yaliyokatwa kwa plau pamoja na mizizi ya nyasi, yakapangwa kama matofali, paa nalo udongo. Mvua ikinyesha siku moja nje, ndani ilinyesha siku tatu. Kuni hakuna, wakawasha kinyesi kikavu cha nyati, na nyati walipokwisha, cha ng'ombe. Mimi niliyekulia jikoni kwenye moshi nilimwelewa yule mama kuliko nilivyomwelewa mumewe.

Na mwaka ule ule wa hati, 1874, Julai, nzige. Walikula mahindi, wakala vitunguu mpaka vikabaki mashimo ardhini, wakatafuna mpini wa jembe pale jasho la mkono lilipoingia. Majira ya baridi yaliyofuata jeshi likafungua ghala likawagawia walioharibikiwa makoti na mabuti ya askari. Kuna barua ya mkewe kwa dada yake Illinois anasema mume wake amerudi kuvaa koti la buluu aliloapa hatalivaa tena. Nilimuuliza nyanya kama hiyo nayo si kupewa. Akasema, "Msomee mpwa wangu hiyo."

Januari 12, 1888 ndiyo siku nyanya anayoisimulia bila karatasi, kwa sababu babu yake alimsimulia mwenyewe. Asubuhi ilikuwa na joto la ajabu, watoto wakaenda shule bila makoti. Mchana dhoruba ikashuka ghafla. Tambarare hii ilipoteza watu wanaokadiriwa kufika 235, wengi wao wanafunzi waliokuwa njiani kurudi nyumbani. Babu yake, kijana wa miaka kumi na saba, alilifikia zizi kwa kufuata ua wa waya kwa mkono, na vidole viwili havikupona. Kwa hiyo wewe unayeniuliza inbox kama baridi ya huku inazidi ya Limuru, acha kuniuliza. Nunua buti nzuri kabla ya simu nzuri, na Desemba usiendeshe gari bila blanketi ndani.

Karatasi za mwisho ni za pensheni. Sheria ya 1890 ilimpa mwanajeshi wa zamani asiyeweza kazi ya mikono dola 6 hadi 12 kwa mwezi, hata kama ugonjwa haukutokana na vita. Majirani wakamwandikia ushuhuda kwamba mguu hauwezi tena plau. Akapewa. Ardhi, koti, pensheni. Simwonei wivu, alipigania nchi yake ikamkumbuka.

Ila kuna wengine waliopigana. Ardhi hii ilikuwa ya Wapawnee, wenyeji wa asili wa hapa, na reli ile iliyowaleta wakina Thorp ililindwa na maskauti wa Kipawnee waliovaa sare ya jeshi hilo hilo chini ya ofisa mzungu, Frank North. Baba yake nyanya alikuwa akifukua vichwa vya mishale kila anapolima, vimejaa kopo la kahawa hapo dirishani. Katikati ya miaka ya 1870, wakati mzee wetu anapokea hati, Wapawnee walikuwa wanahamishiwa Oklahoma, skauti na asiye skauti.

Hapo ndipo nilipomweleza nyanya habari ya kwetu, maana mimi ni wa upande wa Kipkaren. Mwaka 1919 Waingereza nao waliwazawadia wanajeshi wao mashamba, kwa kura pia, zilizochezeshwa Theatre Royal pale Nairobi, mengine ya bure kabisa. Sharti uwe mzungu. Ardhi ya Wanandi ya Kipkaren na Kaimosi ikaingizwa katika bahati nasibu hiyo, wakati vijana wa Kinandi waliokuwa keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, wameshatoka tu kupigana vita hivyo hivyo. Babu yangu alizaliwa skwota kwenye shamba ambalo baba yake alikuwa akilisha ng'ombe wake mwenyewe.

Naye akaenda keya. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, Burma, 1944, matope ya magoti na malaria, mpaka wakavuka mto Chindwin. Malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi, na mzungu wa cheo kilekile aliweza kupata mara tatu. Babu alirudi na koti pia, kwa hiyo kwenye makoti tumelingana na Nebraska. Medali watoto waliichezea ikapotea. Kilichobaki kwa baba yangu, ukiuliza karatasi za mzee, ni kipande chake, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaa shingoni.

Kwa hiyo ushauri, kwa kuwa mtauomba: ukija huku weka kila karatasi. Hati ya malipo, ratiba ya zamu, barua ya ajenti, hata risiti. Familia hii si matajiri wa kutisha, wanalia na kodi ya ardhi kila mwaka na bei ya mahindi ikishuka wananuna wiki nzima, lakini ukiwabishia mpaka wa shamba wana karatasi ya 1874. Sisi tuna mzee wa kijiji anayekumbuka mti uliokatwa zamani.

Jumapili mpwa alikuja, nyanya akamlazimisha kukaa, nikamsomea. Sheria ya 1872, nzige, koti, pensheni, yote. Alisikiliza vizuri. Mwisho akasema, "Hiyo ni tofauti, yeye alipigana vita." Nikamwambia babu yangu pia alipigana. Wapi? Burma. Nikamwonyesha kwenye simu, akakuza ramani kwa vidole, akasogeza mpaka Kenya, akauliza kwetu tunalima nini. Mahindi, nikasema. Akafurahi kama amekutana na jamaa. Akauliza mbegu, mbolea, tunavuna mwezi gani, tunakausha vipi bila mashine, na gunia linakwenda bei gani. Tukazungumza mpaka nyanya akasinzia kitini. Akauliza ekari ngapi. Nikamwambia mbili na nusu, na tuko ndugu sita. Akanitazama, kisha akauliza tena polepole, neno moja moja, akidhani sikulielewa swali.