Kete moja imepotea

Mwezi uliopita nilikaa na vijana wanne wanaotaka kazi ya kutengeneza gemu. Wawili bado wako chuo, wawili wamehitimu. Vyeti wanavyo tele. Nikawauliza: gemu gani umeshaitengeneza ukaimaliza? Kimya.

Dada mmoja alikuwa na mpango wa gemu ya jiji zima, magari, vita, kila kitu. Peke yake! Nikamwambia hiyo aiweke kwanza, atengeneze bao. Mashimo 32, kete 64, na mwalimu wa kanuni anaye nyumbani: babu yake. Akatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, maana ni ya bure na kompyuta yake kuukuu inaimudu.

Baada ya wiki mbili akapiga simu usiku: "Kaka, kete zinahesabika 63." Tukakesha. Kumbe kila mtu anaanza na kete 22 mkononi, na ile ya mwisho programu ilikuwa inaifuta kabla haijafika shimoni. Babu alicheka sana, eti hata barazani wapo wanaoiba kete.

Akaiweka gemu itch.io, tovuti ambako watengenezaji huweka gemu zao, na chini yake akaandika jinsi alivyoisaka ile kete. Kiungo hicho ndicho alichotuma kuomba kazi. Kwenye usaili vyeti havikuguswa, waliuliza habari za kete tu. Jumatatu anaanza mafunzo kazini, miezi mitatu.

Wale watatu wengine nimewaambia wajiandae na Global Game Jam ya Januari, ambapo watu hukutana kutengeneza gemu kwa siku chache tu. Mmoja ameshaanza kuchora matatu yenye mabawa. Sijauliza kwa nini.