Jino Lisilo na Tundu

"Mama, linacheza!" Jana asubuhi binti yangu alinijia mdomo wazi, akilisukuma jino la mbele kwa ncha ya ulimi. Ana miaka 6, ndio umri wake. Hata hivyo mwili ulinisisimka.

Mdogo wangu naye alikuwa na miaka 6. Yake yalianza kwenye magego ya juu, mawili kwa mpigo, kisha shavu likavimba. Jipu la jino, tukaambiwa. Alimaliza antibiotiki zote na shavu likazidi. Tuliporudi, wakaamua kung'oa.

Mimi ndiye niliyempakata. Hakulia, wala hakukuwa na cha kumliza: jino lilitoka bila kuvutwa, kama vile lilikuwa limeegeshwa tu kwenye ufizi. Daktari akalidondosha kwenye kibakuli cha chuma, likalia ting. Nikainama kulitazama. Jeupe, zima, halina tundu wala doa. Nilikuwa na miaka 19, jino bovu nalijua. Nikataka kuuliza, nikamwona daktari anavua glavu, mgonjwa mwingine yuko mlangoni, nikanyamaza. Mama akalifunga kwenye leso. Jioni mdogo wangu akaomba alione. Akaligeuzageuza kiganjani.

"Dada, mbona halijaoza?"

Nikamwambia limeozea ndani.

Wiki iliyofuata jicho la upande ule likaanza kutokeza nje.

Hospitali ya tatu ndiyo iliyokata kinyama na kukipeleka maabara. Limfoma ya Burkitt. Ni saratani inayokua kwa kasi ya ajabu, uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na sisi tulikuwa tumeupa wiki tano. Bingwa akatueleza habari za virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe kama ule. Watu wengi mno wanavyo maisha yote na haviwadhuru. Kwa watoto wachache, hasa waliougua malaria mara kwa mara, mambo huharibika. Na tangu 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Uganda, alishaandika kuhusu watoto wenye mataya yaliyovimba. Ilikuwa imeandikwa!

Dripu, nywele kunyonyoka, kutapika usiku kucha. Akapona. Sasa ni baba wa watoto wawili.

Simlaumu yule daktari kwa kudhani ni jipu, mwanzoni vinafanana. Ninachoshindwa kumsamehe ni lile jino. Lilikuwa mbele yake, safi, na hakuliuliza kitu. Lakini lilikuwa mbele yangu pia, na aliyeliulizia ni mtoto peke yake, nami nikamdanganya.

Jana nilimwinua binti yangu kidevu, nikamulika mdomoni kwa tochi ya simu. Jino la mbele la chini, jipya likichungulia nyuma yake. Nikapapasa taya, kulia, kushoto, kisha kulia tena.

"Mama, jino liko hapa katikati," akasema.

Nikampapasa mara nyingine.