Warfarini na daftari langu

Dawa za kuzuia damu kuganda haziyeyushi donge lililokwisha kuganda. Natamani kila mgonjwa aambiwe hivyo mapema, kwa sababu mimi, mguu umevimba kuanzia kwenye kigimbi na ngozi imevutika mpaka inang'aa, kila asubuhi niliutazama nikingoja vidonge vimalize donge. Daktari akanieleza kwamba anayelimega donge ni mwili wenyewe, taratibu. Dawa hulizuia lisikue, wala jingine lisiibuke. Kipande kikichomoka hupita moyoni na kwenda kuziba mapafu, na hapo ndipo watu hupoteza maisha.

Nilianzishiwa sindano za heparini tumboni na vidonge vya warfarini kwa pamoja. Kwa nini mbili? Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati yake, namba 2, 7, 9 na 10, hazikamiliki bila vitamini K. Warfarini huuzuia mwili kuitumia upya vitamini hiyo, hivyo protini mpya hutoka zikiwa dhaifu. Lakini zile za zamani bado zinazunguka kwenye damu: namba 7 hupungua ndani ya saa chache, namba 2 huchukua siku kadhaa. Tena protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande kupita kiasi, nayo hutegemea vitamini K na hushuka mapema. Kwa hiyo siku za mwanzo warfarini peke yake si kinga. Heparini huziba pengo hilo, maana hufanya kazi haraka. Nilipolielewa hili, sindano zile hazikunikera tena.

Baada ya hapo maisha yakawa ya INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mimi nilitakiwa niwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, donge linanyemelea. Ikipanda sana, damu inaweza kuvuja hata kwenye ubongo. Nikaweka daftari: tarehe, INR, dozi, na chochote kilichobadilika wiki ile. Kidonge nilimeza jioni, ili majibu yakitoka mchana dozi iweze kurekebishwa siku hiyohiyo. Mboga za majani sikuziacha, ila nilikula kiasi kilekile, kwa sababu zina vitamini K nyingi.

Daftari lilinifaa sana pale fizi zilipoanza kutoka damu nikipiga mswaki. INR ilikuwa imepanda, na kwenye ukurasa wa wiki ile niliandika "metronidazo", antibiotiki niliyopewa kwa ajili ya jino. Dawa hiyo huizuia warfarini isivunjwevunjwe haraka mwilini. Kliniki walipunguza dozi, wakanipima tena baada ya siku chache. Tangu hapo, kabla ya kupokea dawa yoyote nasema kwanza kwamba natumia warfarini. Ibuprofeni na aspirini sizigusi bila ruhusa ya daktari.

Kuna waliosema hiyo ni sumu ya panya. Kweli, iliuzwa hivyo tangu 1948. Lakini mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa nayo baada ya mshtuko wa moyo.

Donge langu lilitokana na kulala sana baada ya upasuaji, na donge lenye chanzo cha muda tu kama hicho, dawa yake hutumika kwa kawaida miezi 3. Mwenye donge lisilo na chanzo kinachojulikana anaweza kuambiwa aendelee kwa miaka.