Jina la mama

Jana Neema karudi na fomu ya shule kaijaza mwenyewe kwa penseli, penye jina la mama kaandika MAMA NEEMA. Baba yake kacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikacheka kidogo halafu nikaenda kusimama jikoni bila kazi yoyote, maana fomu kama hiyo nilishaijaza hivyohivyo kwa mkono wangu, Mei 2015, uwanja wa Lake Tanganyika.

Wa Kigoma mnaikumbuka ile Mei. Rais Nkurunziza wa Burundi kang'ang'ania muhula wa tatu, watu wakakimbia wakamiminika Kagunga, kijiji chenyewe wakati ule hakina barabara, mlima nyuma ziwa mbele, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawa inawasomba mia sita mia sita kuwaleta mjini, wanalala pale uwanjani halafu mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mimi nilipewa kibarua kwa sababu moja tu, najua Kiha, na Muha na Mrundi hawahitaji mkalimani. Nikawekwa meza ya watoto waliofika peke yao.

Siku ya kwanza tu nusura nifukuzwe. Nimemuuliza mtoto "nyoko yitwa nde?", dada mmoja katoka Dar akaruka, we unamtukana mtoto wa watu! Nikamwambia kwetu nyoko ni mama yako tu, wala si tusi. Hakuniamini, akaenda kuuliza meza ya pili.

Sasa yule mtoto. Kama miaka sita hivi, kashika kifuniko cha sufuria, sufuria yenyewe haipo. Hata alipopewa uji hakukiweka chini, alikibana kwapani akanywa. Jina lake alilijua. Kijiji hakijui, kwao ni "kwetu". Baba, kimya. Mama anaitwa nani? "Mama." Tulishaambiwa usimkimbize mtoto, zunguka, kwa hiyo nikamuuliza, majirani wakija kuomba chumvi wanamwitaje? Hapo akanyamaza muda mrefu sana. Akawa anakizungusha kile kifuniko, kidole kinafuata ukingo taratibu, kinafika penye kibonyeo kinasimama, kinaanza tena, huku kipaza sauti kinaita watu wa basi na foleni nyuma yake haiishi na mimi kalamu mkononi. Mara uso ukamkunjuka, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu. Wanamwita Mama, akataja jina lake mwenyewe.

Nikaandika. Ningeandika nini? Mkubwa wetu akaipitia akasema hilo sio jina. Nikamwambia ndo alilonalo. Akapigwa picha, karatasi zikaenda kwa wanaotafuta ndugu, yeye akapanda basi na mama mmoja waliyekuja naye boti moja, aliyekubali kumshika kwa muda.

Novemba nikafika Nyarugusu kwa shughuli nyingine. Wakongo wapo pale tangu 1996, hawa wa Burundi ndo kwanza wanasomea chini ya miti, kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, mvua ikianza somo limeisha. Nikawa namtafuta kwa macho kama mjinga, vichwa vyote vimenyolewa, vumbi jekundu hadi magotini, na sidhani kama kile kifuniko bado alikuwa anatembea nacho. Ofisini sikuuliza. Huwa najiambia faili halikuwa langu tena na mambo ya watoto yana usiri wake, ambayo ni kweli. Ila kuna jibu moja ambalo sikutaka kulisikia, na hilo nalo ni kweli.

Basi jana usiku nikamkalisha Neema, majina yangu yote matatu na namba ya simu, bila kuangalia. Mawili kayashika. La tatu, la babu, Kiha kitupu, linamchekesha kila akilifikia.

"Kwani mama unasafiri?"

Nikamwambia hapana, hebu rudia.