Kumbukumbu ya mradi: herufi nyeupe juu ya ziwa jeupe

Mjomba wangu ana timu ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma kama sharubu za kambale, wavu katikati, na taa za kuwavuta samaki usiku. Wanunuzi humpigia simu alfajiri kuuliza kama kuna mali, na saa hiyo mikono yake yote miwili iko kwenye wavu. Nikamwambia nitamtengenezea ukurasa mmoja wa intaneti: picha kubwa, neno la siku (wapo au hawapo), namba ya simu, basi. Mchana natengeneza simu za watu. Kurasa ni mambo yangu ya jioni, umeme ukiwepo. Nilihesabu jioni mbili. Zimekwenda siku kumi na moja, na karibu zote zimeliwa na jambo moja: kuandika juu ya picha.

Siku ya 1

Picha niliipiga mwenyewe kutoka ufukweni, mtaa wa Nguba, jua likichomoza upande wa Rwanda. Mitumbwi inarudi, mbingu karibu nyeupe, maji yanang'aa kama sufuria mpya, na kushoto kuna mlima ambao bado una giza. Nikaiweka kuwa mandharinyuma, juu yake herufi nyeupe nene: "Sambaza wabichi kila asubuhi". Kwenye kompyuta yangu herufi ziliangukia mlimani, zikasomeka vizuri kabisa. Nikalala nikiwa na raha.

Asubuhi nikafungua ukurasa kwenye simu. Mlima haupo. Katika CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, nilikuwa nimeandika background-size: cover, na maana ya cover ni kwamba picha hutanuliwa mpaka ifunike eneo lote, kisha kinachozidi kinakatwa. Skrini ya kompyuta ni pana, ya simu ni ndefu, kwa hiyo kwenye simu zilikatwa pande mbili, kushoto na kulia, na mlima wangu ukaenda nazo. Herufi zikabaki mbinguni, nyeupe juu ya nyeupe. Mti mmoja wa mtumbwi ulipita katikati ya S ya "Sambaza" kama karani aliyefuta kosa kwa rula, na "za" ya mwisho ilikuwa imeyeyuka kabisa. Ukisoma haraka unapata "amba".

Jirani anayechapisha mabango akanishauri niandike maneno ndani ya picha yenyewe, kama anavyofanya yeye. Kwa bango ni sawa. Kwa ukurasa, picha ikipunguzwa kuingia kwenye simu maneno nayo yanapungua mpaka yawe madogo kama sisimizi, programu ya kuwasomea wasioona haiyaoni, na kila mara mjomba atakapobadilisha neno la siku itabidi nitengeneze picha upya. Hapana.

Siku ya 2

Nikataka kuififisha picha, nikaweka opacity: 0.5 kwenye kisanduku kizima. Herufi zikafifia pamoja na picha, maana opacity hushika kisanduku na watoto wake wote, yaani vyote vilivyomo ndani. Kosa la mwanafunzi, nililifanya pia miaka mitatu iliyopita. Tuendelee.

Siku ya 4

Njia inayofaa ni kuweka pazia la rangi kati ya picha na maandishi. Katika CSS unaweza kupanga tabaka za mandharinyuma, na ile unayoitaja kwanza ndiyo inayokaa juu. Nikatangulia na nyeusi ya asilimia 30, kisha picha. Kwangu usiku, chini ya taa, ilipendeza. Nikampelekea mjomba mchana. Alikuwa ufukweni amesimama juani, mwanga wa simu ameupunguza ili betri ifike jioni. Akanyoosha mkono, akaukunja, akaweka kiganja juu ya skrini kama kofia.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini siwezi kusoma kitu."

Hapo nikaacha kubahatisha nikashika hesabu. W3C, wanaoweka kanuni za wavuti, wana kipimo cha kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake: unachukua mng'ao wa rangi iliyo angavu zaidi, unaongeza 0.05, unagawanya kwa mng'ao wa rangi nyeusi zaidi uliouongezea 0.05 pia. Nyeupe juu ya nyeusi ni 21, nyeupe juu ya nyeupe ni 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5; yaliyo makubwa, kuanzia piseli 24, au kama piseli 19 yakiwa manene, yanaruhusiwa 3.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinataka rangi mbili, na picha ina rangi elfu. Nikaamua kupima mahali pabaya kuliko pote. Ukisema kwa wastani picha hii ni ya kijivu, umejidanganya, kwa sababu msomaji hasomi wastani. Anasoma ile "za" iliyokaa juu ya wingu. Mahali pabaya kwenye picha yangu ni mbingu, nayo nikaihesabu kuwa nyeupe kamili:

pazia jeusi la asilimia 30: kontrasti 2.1
la asilimia 50: 3.95
la asilimia 55: 4.74

Nilistaajabu hapo kwenye 50. Kila mafunzo niliyowahi kufuata yanasema "weka nusu", na nusu juu ya mbingu nyeupe haifiki 4.5. Nikaweka 55, nikarudi kwa mjomba nikijiona fundi.

Alisoma yote, kwa sauti, bila kukunja mkono. Halafu akanitazama. "Mutoto ya dada, hii ni asubui ao ni usiku?"

Mke wake akachungulia akasema ziwa linaonekana kama mvua inakuja. Walikuwa na haki. Mtu anauza samaki waliotoka majini alfajiri, na mimi nimemtandikia kitambaa cha msiba juu ya alfajiri yenyewe.

Siku ya 5

Siku ya maneno. Mjomba alitaka "Samaki wa mababu zetu". Nikamwambia mababu gani: sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na babu wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Akacheka, akakataa kuamini, akampigia simu mzee mwenzake, mzee akasema ndiyo.

"Kila asubuhi" nayo imeondoka. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazina nguvu juu ya samaki, kwa hiyo timu inapumzika. Kichwa sasa ni "Sambaza wa Kivu", na chini yake kuna mstari ambao mjomba ataubadilisha mwenyewe. Wakati huo niliona ni jambo dogo.

Siku ya 6

Nimejaribu kivuli nyuma ya herufi, text-shadow. Kichwa kikubwa kinasaidika kidogo. Namba ya simu ilionekana kama nakala ya karatasi ya kaboni. Nimejaribu pia kioo chenye ukungu, backdrop-filter. Kinavutia sana. Kwenye simu ya mke wa mjomba, ambayo imeanguka zaidi ya mara nne kwa hesabu yangu mimi niliyeitengeneza, ukurasa ulianza kukwama ukiusogeza. Nimekiondoa.

Siku ya 7

Leo nimehamisha maandishi. Yanakaa chini ya picha, juu ya maji, na pazia limebaki huko chini tu. Kwenda juu linafifia polepole mpaka linaisha. Mbingu imerudi kuwa ya asubuhi. Rangi ya pazia nayo si nyeusi tena. Nimeichota kwenye kivuli cha mtumbwi, ile bluu-kijani nzito ya maji yenye kina. Katika hesabu ya mng'ao, kijani ina uzito wa 0.7152, nyekundu 0.2126, bluu 0.0722 tu, kwa hiyo rangi nzito inayoegemea bluu inabaki na sura ya ziwa bila kukuibia kontrasti.

Nikaagiza pazia lianze katikati ya picha. Kwenye kompyuta, safi. Kwenye simu, safi. Nikafurahi kama dakika tano, nikaandika mstari mrefu wa majaribio, kama mjomba anavyoweza kuandika: "Leo hawapo, mwezi mpevu, tunarudi ziwani Jumatano jioni". Kwenye skrini yenye upana wa piseli 360 mstari huo ulikunjwa mara tatu, ukasukuma kichwa kwenda juu, na kichwa kikatoka nje ya pazia kama mtu ambaye blanketi limemwishia miguuni. Chini yake ilikuwa ile njia ya jua juu ya maji, iliyo nyeupe kuliko hata mbingu.

Nimekaa na hilo mpaka umeme ukakatika, na jibu lilikuja gizani. Pazia nilikuwa nimelipima kwa picha. Picha haijui maneno ni marefu kiasi gani. Pazia lipimwe kwa maneno: liwe mandharinyuma ya kisanduku cha maandishi, si ya picha, ili maneno yakipanda nalo lipande.

.maneno {
  align-self: end;
  color: #fff;
  padding: 4rem 1rem 1rem;
  background: linear-gradient(to top,
    rgba(8,36,46,.8) calc(100% - 4rem),
    rgba(8,36,46,0));
}

Ile 4rem ya juu (rem moja ni ukubwa wa herufi za kawaida za ukurasa) ni nafasi tupu, humo ndimo pazia linamofifia. Kuanzia pale herufi ya kwanza inapoanza kwenda chini, rangi ni ile ile ya asilimia 80, hata maneno yawe mistari kumi. Juu ya nyeupe kamili inatoa kontrasti ya karibu 8.5. Nimepima mara mbili kwa sababu sikuamini.

Picha yenyewe nimeitoa kwenye mandharinyuma nikaifanya img, yaani picha ya kawaida ya ukurasa, na vyote viwili nimeviweka kwenye chumba kimoja cha gridi, kimoja juu ya kingine. Mandharinyuma ni kwa mapambo. Picha hii ni ya mitumbwi ya mjomba, inastahili maelezo yake kwa asiyeiona: "Mitumbwi mitatu ya sambaza ikirudi alfajiri". Kwa object-fit: cover inakatwa vile vile kama mwanzo, na kwa object-position nimeiagiza isiache kamwe mtumbwi wa katikati.

Siku ya 8

Mteja mmoja wa mjomba, mama anayeuza samaki mtaani Kadutu, amesema ukurasa "uko mutupu". Nikaomba kuona simu yake. Kweli, karibu mweupe wote. Mtandao ulikuwa mbovu, picha haikufika, ila faili langu la CSS lilikuwa limefika salama: rangi nyeupe ya kichwa ilikuwepo, juu ya karatasi nyeupe. Pazia lilikuwa na ile asilimia 80 ya rangi, kwa hiyo mistari ya chini ilionekana, ila kichwa nilikuwa nimekiacha nje ya kisanduku cha .maneno kwa kusahau. Makosa mawili yakikutana.

Nimerudisha kichwa ndani, na gridi nzima nimeipa rangi ya ziwa, background-color: #08242e, pamoja na color: #fff, ili picha isipofika herufi zikae juu ya kitu. Sasa hata yale maelezo ya picha yanaonekana, meupe juu ya giza, mahali picha ilipotakiwa kuwa. Picha nayo ilitoka kwenye simu yangu ikiwa na megabaiti 2.9, na watu hapa wananunua mega kwa kuzihesabu. Nimeipunguza upana mpaka piseli 800 nikaigeuza WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi: kilobaiti 84. Hakuna aliyegundua tofauti isipokuwa mimi, nami nilikuwa naitafuta.

Siku ya 11

Ufukweni, saa sita mchana, hakuna kivuli. Mwezi umekomaa, mitumbwi imevutwa pembeni, vijana wanashona wavu. Mjomba ameandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: "Leo hakuna, mwezi iko mukubwa, tutarudi siku ya tatu, musisahau kuleta mabeseni yenu". Mistari minne kwenye simu yake. Pazia likapanda pamoja nayo, likatulia. Mama wa Kadutu akausoma ukurasa akiwa amesimama mita moja kutoka kwangu, mwanga wa simu uko chini kabisa, akaniuliza siku ya tatu ni Jumatano au anahesabu kuanzia leo.

Mjomba akaichukua simu, akaitazama muda mrefu. Nilingoja asifu.

"Sasa nasoma yote," akasema. "Lakini umefunika kichwa ya pirogi yangu. Hiyo ya katikati. Ndiyo ile mupya."

Nimehesabu: ameandika maneno kumi na matatu, na pazia limefika puani kwa mtumbwi. Ama nimpe kikomo cha maneno, ama niiongezee picha urefu ili mitumbwi ipande juu kidogo. Kikomo hatakifuata. Kesho naanza na urefu.